Shahidi wa Bawa la Kushoto

Mkaguzi wa ndege alipofika ukurasa wa arobaini na moja alilowesha kidole kwa ulimi, akaufunua, akausoma juu hadi chini, kisha akaupita. Hakuona kitu. Lakini Fundi Msasa, aliyesimama nyuma yake na kikombe cha chai alichomletea mgeni akasahau kumpa, alihisi mgongo umemlowa kana kwamba amemwagiwa maji.

Ndege yenyewe ilikuwa mbele yao, imeijaza gereji pomoni. Gereji hiyo ilijengwa ubavuni mwa nyumba kwa ajili ya gari, na gari lilikuwa limelala nje miaka kumi na moja, mvua yake na jua lake. Mwili wa ndege ulisimama katikati juu ya magurudumu matatu, rafadha, panga lake la mbele, ikielekea mlangoni. Mabawa mawili yalilazwa juu ya meza ndefu, moja ukuta huu na jingine ukuta ule, yakingoja siku ya kupelekwa uwanjani na kufungwa. Ilikuwa ndege ya watu wawili, ya mbao na kitambaa, na hakuna ubao ndani yake ambao Fundi Msasa hakuwa ameupitisha mkononi mwake mara tatu. Ndiyo tabia iliyompa jina. Hata aliyemwagiza mlango wa banda la kuku alipewa mlango laini kama shavu la mtoto, akaona haya kuwafungia kuku.

Mke wake aliiita ndege ile mke mwenzangu. "Leo bibi mdogo kavaa nini?" angeuliza akileta chai.

"Vanishi. Mkono wa pili."

"Mwenzangu ana bahati. Mimi huo wa kwanza naungoja tangu tuoane."

Mkaguzi alilifunga daftari, akaliweka juu ya meza kwa heshima. Alikuwa mtu mnyoofu, mwenye kalamu nne mfukoni. "Fundi," alisema, "nimekagua ndege za kutengenezwa nyumbani ishirini na tatu. Hii ndiyo ya kwanza niliyoona aibu kuigusa kabla ya kunawa. Ila kuisifu si kuipa ruhusa. Fundi wa injini aliyekusainia kurasa za nyuma namfahamu. Huyu wa mbao, mwenye sahihi ya pili, ni nani?"

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

"Vizuri. Nitarudi Alhamisi, nataka awepo. Mtaweka mikono juu ya mabawa, kila mmoja aniambie kwa kinywa chake: kila kilichofungwa humu, nilikiona kabla hakijafungwa. Mkisema hivyo natia muhuri."

"Lazima aje?"

"Mbao ikishafungwa haina mlango, fundi. Mimi siwezi kuona ndani. Naruka kwa ushahidi wenu."

Alikunywa chai iliyopoa kwa adabu, akaenda zake.

Kaka hakuwa amekanyaga gereji ile kwa miaka mitano.

Alikuwa ameziangalia ndege kwa miaka thelathini, fundi mitambo katika uwanja wa ndege, na alipostaafu alikuja kwa mdogo wake na michoro imeviringishwa kwapani kama mkeka wa kuswalia. "Wewe una mikono, mimi nina macho," alisema. "Tukiviunga tunaruka." Sharti lake lilikuwa moja, na hakulilegeza hata siku moja: anayepaka gundi hakagui, na anayekagua hapaki. Bawa la ndege ya mbao ni safu ya visanduku vyembamba. Mbavu huungwa kwenye mhimili, ule ubao mrefu unaobeba bawa, gundi hupakwa, kisha kifuniko cha plaiwudi hushushwa, na tangu hapo hakuna jicho la mwanadamu litakaloona ndani tena. Kwa hiyo kabla ya kila kifuniko kushuka, mmoja huinama na taa akatazama kila kona, akatia sahihi. "Nyani haoni kundule," kaka alizoea kusema. "Ndiyo maana kule uwanjani tulifanya kazi nyani wawili wawili."

Waliishi hivyo miaka sita, kila alasiri baada ya swala. Walifika kisanduku cha mwisho cha bawa la kushoto, ukurasa wa arobaini na moja, na hapo ndipo shetani alipopata upenyo.

Gundi yao ilichanganywa kutoka makopo mawili, na tangu kuchanganywa ilikuwa na nusu saa tu ya uhai. Ikipita hiyo huota ngozi juu, kama maziwa yaliyopoa, na haiumi mbao tena. Fundi alikuwa ameipaka, kifuniko ki mkononi, anangoja. Kaka aliinama.

"Sogeza taa."

Akaisogeza.

"Bado. Sogeza tena. Kona ya ubavu wa nne, pale kwenye mhimili. Sioni gundi."

"Ipo, kaka. Nimeipaka kwa mkono huu."

"Sijasema hukuipaka. Nasema sijaiona."

"Basi vaa miwani."

"Nimevaa. Sogeza taa, mdogo wangu."

Fundi aliitazama saa ya ukutani. Dakika kumi zilipita, zikawa kumi na tano, na taa ikazungushwa kushoto, kulia, chini, juu, na kila mara jibu likawa lilelile. Moyoni aliona anachezewa. Yeye aliyeunga viti vilivyokaliwa na wajukuu wa waliovinunua, leo anatiliwa shaka kwa ubavu mmoja mbele ya macho yake mwenyewe. Maneno yakamtoka, na maneno ni kama misumari: hung'oka, lakini tundu hubaki.

"Maisha yako yote umefuta mafuta kwenye ndege za watu. Hujajenga hata stuli. Leo unanisimamia mimi kwenye mbao?"

Kaka aliiweka penseli juu ya meza kwa uangalifu isije ikabingirika, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu, akatoka. Alipokuwa akitoka bega lake liligonga mwimo wa mlango kwa kishindo. Fundi aliona ni hasira.

Alibaki peke yake na kikombe cha gundi. Aligusa: ngozi ilikwisha kuota. Dawa yake ilikuwa kukwangua yote na kuchanganya upya, kazi ya saa moja. Lakini kuchanganya upya kungekuwa kukiri kwamba kaka alikuwa na haki ya kuchelewesha, na kiburi kikishapanda kichwani hakishuki kwa ngazi. Alishusha kifuniko juu ya gundi ileile. Akakaza vibano. Kisha alifungua daftari, akaweka sahihi yake, akaitazama nafasi iliyo wazi pembeni yake. Sahihi ya kaka aliijua kuliko yake mwenyewe, ile yenye mkia mrefu kama wa mjusi. Utotoni kaka ndiye aliyekuwa akimsainia madaftari ya shule baba anapokuwa safarini. Akaiandika.

Alijiambia ni mpaka kesho, kaka akirudi wataicheka. Kesho ikawa Ijumaa, Ijumaa ikawa mwezi. Mwezi wa tisa wakakutana kwenye harusi ya jamaa. Kaka alivaa miwani myeusi, akasimama hatua mbili kutoka alipokuwa yeye, kisha akapita bila salamu, kama anayepita nguzo ya umeme. Usiku huo fundi alimwambia mkewe, "Jina lake lisitajwe tena katika nyumba hii." Na mkewe, mwanamke mtiifu mwenye kumbukumbu ndefu, hakulitaja.

Hayo ndiyo aliyokwenda nayo Jumamosi, ng'ambo ya pili ya mji, kwa binti wa kaka ambako wazee walikuwa wamehamia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atasema yaliyopita si ndwele. Atasema mkaguzi anataka neno moja tu, niliona, na kaka kwa kuwa mkubwa atalisema. Habari ya sahihi haikuwa miongoni mwa maneno aliyoyapanga.

Shemeji alifungua mlango, akamtazama kitambo. "Shemeji umepotea."

"Nipo."

"Upo wapi, na njia haikuhama? Ingia. Yumo ndani."

Kaka aliketi karibu na dirisha, redio magotini. Hakuwa na miwani. Uso wake uligeukia mlango, lakini si pale fundi aliposimama. Uligeukia kidogo pembeni, kana kwamba nyuma yake yuko mtu mwingine.

"Nani?"

"Mimi."

Redio ikazimwa. "Umenenepa," kaka alisema.

"Umejuaje?"

"Sakafu imenong'ona."

Ndipo fundi alipoelewa. Akakaa bila kukaribishwa. "Kaka. Macho."

"Presha ya macho. Yameondoka polepole, kama mgeni mwenye adabu asiyetaka kuamsha watu. Yalianzia pembeni. Siku ile ya ubavu wa nne nilikuwa naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nikawa nakwambia sogeza taa, nikidhani taa yako mbovu. Mara ya tatu nikajua si taa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ulikuja na mikono, mimi nilikuja na macho. Huo ndio mtaji wangu wote katika ile ndege. Ningesema nimefilisika?"

Shemeji, aliyekuwa akipanga vikombe, alisema bila kugeuka, "Daktari alisema angekwenda mapema, matone yangemwachia mwanga kidogo. Miadi mitatu ilipita. Kila ikifika anasema, ngoja, mdogo wangu atanipeleka na gari lake."

"Hayo yameshapita, mama," kaka alisema.

"Yameshapita, ndiyo maana nayasema."

Fundi alitazama mikono yake. "Kule kwenye harusi," alisema kwa taabu, "ulinipita."

"Nilisikia sauti yako ukicheka na watu. Nikaifuata, nikasimama karibu nayo, nikangoja unishike mkono. Nikaona hushiki. Nikasema bado amekasirika, nisimwaibishe mbele za watu."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo bati. Fundi alitoa habari ya mkaguzi, mabawa na Alhamisi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la watu wengine, na habari ya sahihi ikabaki kooni.

"Anataka niseme niliona," kaka alisema.

"Utaweka mkono tu, kaka."

"Basi acha nije niuweke kabla yake. Nipeleke Jumanne."

Jioni hiyo fundi alimuuliza mkewe kama alijua.

"Nilijua."

"Miaka yote?"

"Ulisema nisitaje jina lake," mkewe alijibu, akiendelea kukunja nguo. "Nisingeweza kusema amepofuka bila kusema nani."

Jumanne alimleta kaka, akamshika mkono kutoka kwenye gari mpaka mlangoni. Kaka alisimama kizingitini akavuta pumzi, akasema, "Vanishi. Mikono mitatu?"

"Minne."

"Mtu hubadilika kila kitu, hubaki na ugonjwa wake."

Aliipapasa ndege kama mzazi anayempapasa mwana aliyerudi safari. Alipita juu ya pua, akazunguka rafadha, akaingiza mkono ndani akahesabu viti, kimoja, viwili, akatabasamu. Fundi alimweleza kila kitu alichokigusa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano aliiona kazi yake ni nzuri, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kumwonyesha, hata kama mtu huyo haoni. Kisha wakafika bawa la kushoto. Kaka alitoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga plaiwudi polepole, sikio limeinama. Kisanduku kilichoshikana vyema hujibu kwa sauti kavu, kama mlango uliobishwa katika nyumba yenye watu. Kisichoshikana hujibu kama nyumba iliyohamwa.

Ko. Ko. Ko. Watu wamo.

Akafika ubavu wa nne, akagonga, akasita. Akarudi nyuma, akagonga tena. Fundi naye aliisikia, na alitamani sakafu immeze.

"Hapa," kaka alisema. "Hapa ulifunga na nani?"

"Peke yangu."

"Kwa gundi gani?"

"Ileile. Ilikuwa imeota ngozi."

Kaka aliipitisha sarafu kidole hadi kidole. "Na daftari? Mkaguzi hasomi ukurasa wenye sahihi moja akanyamaza."

"Sahihi yako ipo. Niliiandika mimi."

Kaka alitafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaegemea.

"Yenye mkia?"

"Yenye mkia."

"Ungetaka kuniua ungenisukuma shimoni, mdogo wangu. Kiti cha pili si kilikuwa changu?"

Fundi alikuwa amewaza juu ya ukurasa ule mara elfu, na kila alipouwaza aliona wino, karatasi, aibu, mkaguzi. Hakuwahi kumwona kaka yake amekaa kwenye kile kiti, kamba zimefungwa kifuani, na chini yao nyumba za watu. Akapiga magoti pale kwenye vumbi la mbao. "Nisamehe, kaka."

"Inuka. Utachafua suruali, na shemeji yangu atanilaumu mimi." Alimtafuta bega, akamwinua. "Jumamosi ulikuja kunitaka niseme niliona. Nami nilikuwa tayari kusema. Kipofu, nikaona si neno, ni mkono tu. Kwa hiyo hatuna wa kumcheka mwenzake. Tutatubu wote wawili. Lete patasi."

Walikata kifuniko cha kisanduku kile. Fundi aliingiza patasi kwenye ukingo, akajiandaa kutumia nguvu, lakini kifuniko kikainuka chenyewe kama cha sufuria. Gundi ilikuwa ndani, imetandazwa vizuri, laini, inang'aa, haikuuma mbao hata mahali pamoja. Aliushika ubavu wa nne kwa vidole viwili, nao ukaachana na mhimili. Akamwekea kaka mkononi. Kaka aliupapasa upande ule uliokuwa na gundi, akaurudisha.

Alhamisi mkaguzi alifika na muhuri ndani ya mkoba. Alimkuta fundi mlangoni na kaka yake pembeni, na bawa la kushoto likiwa na tundu mgongoni.

"Kabla hujasema," fundi alisema, "fungua ukurasa wa arobaini na moja. Sahihi ya pili ni ya uongo. Niliiweka mimi. Huyu hakuona."

Mkaguzi aliufungua, akaitazama sahihi, akamtazama mzee mwenye macho yasiyotazama, akaelewa zaidi ya alichoambiwa. Alikaa juu ya kigoda.

"Fundi, kurasa arobaini za mwanzo nilikuwa naziamini kwa sababu ya sahihi ya pili. Sasa kila nikiitazama nauliza, hii je? Huyu mzee anaweza kuniambia ipi yake na ipi si yake?"

"Hawezi kuiona," fundi alisema.

"Ndiyo hivyo. Daftari zima limekuwa bubu." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Sitaandika kwamba ndege ni mbovu. Nitaandika kwamba haina shahidi. Visanduku vyote vya mabawa vifunguliwe, vijengwe upya, na mtu mwenye macho. Ombi jipya ni baada ya miaka miwili. Naomba mnielewe. Ingekuwa kazi ya ovyo isingeniuma."

"Visanduku vingapi?" kaka aliuliza, ingawa alijua.

"Arobaini na kimoja."

"Nina miaka sitini na tisa, bwana."

"Najua, mzee. Poleni." Aliwapa mikono wote wawili, akauchukua mkoba wake uliokuwa na muhuri, akaondoka.

Fundi alisimama katikati ya gereji. Alisema wangeweza kuiacha ilivyo, waifunike turubai, watoto waje kuitazama. Alisema angeweza kuuza injini. Kaka alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Hivyo visanduku arobaini," aliuliza, "nilivyoviona mimi, navyo unaviwekea shaka?"

"Hapana. Ningeapa."

"Kiapo chetu hakina soko tena. Fungua. Nataka nijue kama nilikuwa naona."

Basi wakaanza. Kisanduku cha kwanza cha bawa la kulia walikifunga mwaka wa kwanza, kaka angali anasoma gazeti bila miwani. Fundi alikita patasi, akagonga, na plaiwudi ikakataa. Akagonga tena kwa nguvu, ikapasuka, lakini haikupasukia kwenye gundi. Mbao yenyewe ilichanika, nyuzi kwa nyuzi, na gundi ikabaki imeshika vipande pande zote mbili. Hakuna kiungo bora kuliko hicho. Fundi alikaa na kipande kile kilichochanika, kazi ya siku nne.

"Vipi?" kaka aliuliza.

"Kilikuwa kizima."

Kaka alinyoosha mkono, akapewa kipande, akakipitisha kidole kwenye mchaniko, taratibu, akakilaza miguuni pake. "Endelea."

Cha pili kilikuwa kizima. Cha tatu kilikuwa kizima. Kila kimoja fundi alikivunja kwa mikono iliyokijenga, na kila kimoja alitamka, maana kaka alikuwa akingoja kusikia, mpaka neno lile likamchubua ulimi: kizima. Mkewe alileta chai, akasimama mlangoni akitazama vipande vikiongezeka sakafuni, na siku hiyo hakuuliza bibi mdogo kavaa nini. Alasiri ikainama. Walikuwa wamefungua tisa, vyote vizima, na rundo la vipande lilikuwa limefika kwenye magoti ya kaka.

"Sasa ni cha ngapi?"

"Cha kumi."

"Endelea," kaka alisema, na fundi akaingiza patasi.